Mchuchuma haitatuokoa na ukame wa Mtera

Kila Bunge la bajeti linapokaa hapa Dodoma, Mchuchuma na Liganga, maeneo ya makaa ya mawe na chuma wilayani Ludewa, lazima zitajwe. Wabunge wamepokezana, mawaziri wamepokezana, swali limebaki lile lile: lini? Mkataba ulisainiwa Septemba 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lililochukua hisa asilimia 20, na kampuni ya Sichuan Hongda ya China iliyochukua 80. Ndani yake kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, mgodi wa chuma, kiwanda cha kuyeyusha chuma hicho, na mtambo wa umeme wa megawati 600 utakaochoma makaa ya Mchuchuma. Wananchi walioachia maeneo yao walianza kulipwa fidia 2023. Mtambo wenyewe haujaonekana mpaka leo.

Watu wa Ludewa wana haki ya kuuliza lini. Ila swali lao limerudiwa kwa sauti kubwa kiasi cha kufunika jingine ambalo lilipaswa kutangulia: hizo megawati 600 zije zifanye kazi gani ambayo mitambo tuliyonayo haiifanyi? Jibu la haraka, kwamba nchi haina umeme wa kutosha, lilikuwa na uzito mwaka 2011. Leo uwezo wa mitambo iliyounganishwa kwenye gridi ya Taifa umepita megawati 4,000, na matumizi ya juu kabisa ni kama nusu ya hapo. Machi 2024 TANESCO ilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Aliyetoka kuhesabu saa za mgao miezi michache nyuma alidhani anataniwa.

Kwa hiyo watetezi makini wa makaa ya mawe hawazungumzii tena upungufu. Wanazungumzia ukame, na hapo wanastahili kusikilizwa, hasa na sisi wa Kanda ya Kati.

Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, wengi tunalijua kwa samaki wanaouzwa kando ya barabara. Kwa mafundi wa gridi ndilo linalotunza maji ya mto Ruaha Mkuu: yanazungusha mitambo ya megawati 80 palepale Mtera, kisha yanateremka kwenda kuzungusha megawati 204 za Kidatu. Bwawa likijaa, kina chake ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kikishuka hadi mita 690, mitambo ya Mtera inatakiwa kusimama. Kwa miaka mingi, kama taa zitawaka Dar es Salaam au hazitawaka ilitegemea sana mita hizo nane na nusu za maji ya Mtera. Zilituangusha 2006, zikatuangusha tena 2011, na Oktoba 2015 nchi ikafikia kuzima vituo vyake vya maji na kutegemea gesi na mafuta.

Bwawa la Julius Nyerere limekuja na megawati 2,115, turbine tisa za megawati 235 kila moja, ya mwisho ikiingia kazini mwaka 2025. Sasa fungua ramani. Ruaha Mkuu ukitoka Mtera na Kidatu unaingia Rufiji. Maji ya kituo cha umeme cha Kihansi yanaingia mto Kilombero, na Kilombero nayo inaingia Rufiji. Na Rufiji ndiyo iliyozibwa kwa bwawa jipya. Yaani sehemu kubwa ya umeme wetu wa maji, mpya na wa zamani, inakunywa bonde moja. Mvua zikikosea Nyanda za Juu Kusini, zinawakosea wote mwaka mmoja.

Wazambia wameyapitia haya majuzi tu. Mwaka 2024 bwawa la Kariba liliposhuka kwa ukame, watu walikaa gizani sehemu kubwa ya siku, huku mtambo wa Maamba wenye megawati 300, unaochoma makaa ya mawe ya nchini humo, ukiendelea kuwa na cha kuzalisha. Ukame haukuugusa. Zambia ikaamua kuongeza megawati nyingine 300 palepale, na mtu aliyekaa kwenye giza lile sidhani kama ana haja ya kufundishwa na mwandishi wa Dodoma kuhusu hewa safi.

Nasema haya ili isidhaniwe kwamba siioni hoja. Naiona. Kinachonishinda ni hesabu yake.

Mtambo wa karibu zaidi wa ukubwa huo ni Hwange ya Zimbabwe, ambako mashine ya 7 na ya 8, jumla megawati 600, ziliingia kazini 2023 kwa gharama inayokaribia dola bilioni 1.5. Tuchukue bei hiyo. Tukope fedha yote kwa riba ya asilimia 8, tulipe kwa miaka 20. Rejesho la kila mwaka linakuwa kama dola milioni 153, na kwa dola ya shilingi 2,500 hizo ni shilingi bilioni 380 na ushee. Mtambo ukifanya kazi kwa asilimia 80 ya uwezo wake mwaka mzima, unatoa uniti bilioni 4.2, na deni peke yake linakaa kwenye kila uniti kwa shilingi 91. Inavumilika.

Lakini tumesema tunautaka kwa ajili ya ukame. Miaka yenye mvua nzuri utafanya nini? Tuseme unafanya kazi kwa asilimia 30 tu, maji ya Rufiji yakichukua nafasi yake. Uniti zinashuka hadi bilioni 1.6 hivi, na deni lile lile sasa linadai shilingi 243 kwa kila uniti. Hapo makaa hayajanunuliwa, wafanyakazi hawajalipwa, laini ya kuutoa umeme Ludewa haijajengwa. Mteja mdogo wa D1 analipa shilingi 100 kwa uniti akinunua LUKU, na mteja wa kawaida wa T1 analipa 292 kabla ya kodi na tozo. Mtu wa kuibeba tofauti hiyo ni mmoja kati ya wawili: mteja au Hazina.

Ni sawa na kukodi daladala kwa mwezi mzima ili ikufae siku za mvua. Siku za jua imelala uani kwako, na mwenye gari bado anadai chake.

Mtambo wa makaa ya mawe kwa asili yake umetengenezwa usizimwe. Boila lililopoa huchukua saa nyingi kupata moto wa kuzalisha umeme, na kulizima na kuliwasha kila mara kunachosha mabomba yake. Anayekopesha fedha analijua hilo, na ndiyo maana mkataba wa kununua umeme huandikwa hivi: chukua umeme au usichukue, utalipa. Matokeo yake yanachekesha kwa uchungu. Mwaka wa mvua nyingi, maji ya bure yanamwagwa mlangoni mwa bwawa huku tukichoma makaa ya kununua, kwa kuwa yale ya kununua ndiyo yenye mkataba.

Nchi hii haihitaji kusimuliwa kuhusu kapasiti chaji, yale malipo ya mtambo hata usipochukua umeme wake. Mkataba wa kampuni binafsi ya umeme ya IPTL ulisainiwa 1995, megawati 100 za mafuta mazito, kisa kikiwa ni ukame wa miaka ile ile. Ilianza kuzalisha 2002. Mabishano juu ya kiasi kilichostahili kulipwa kwa mtambo ule ndiyo yaliyozaa akaunti ya Escrow, iliyotunza fedha zilizobishaniwa, na akaunti ya Escrow ikazaa ile wiki ya Novemba 2014 ambapo Dodoma nzima ilikuwa imetegesha sikio redioni kusikia Bunge linasema nini. Kabla ya hapo, Februari 2008, katika ukumbi ule ule, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sababu ya Richmond, mkataba mwingine wa dharura uliotokana na mgao wa 2006. Ukizipanga tarehe hizo utaona mtindo: mvua inakosekana, tunaogopa, tunasaini, mvua inarudi, tunabaki na ankara. Mkataba wa makaa ya mawe ukisainiwa kwa hofu ya ukame unaofuata, ankara yake itakuwa ya vizazi viwili.

Wapo watakaosema safari hii tutakuwa makini na wanasheria. Sawa. Wanasheria hawaendeshi boila.

Botswana haikosi wanasheria wala nidhamu ya fedha, na makaa yake yako palepale mtambo ulipo. Ikajenga Morupule B, megawati 600 kwa mashine nne za 150, mkandarasi akiwa kampuni ya China na Benki ya Dunia ikiwemo katika ufadhili. Tangu mashine za kwanza zilipoanza kuwashwa mwaka 2012 zimekuwa zikiharibika, boila zikionekana kuwa na kasoro za tangu kwenye usanifu. Miaka ikapita Wabotswana wakinunua umeme Afrika Kusini na kuchoma dizeli huku mtambo wao mpya ukiwa kwenye matengenezo, na serikali ikafikia kufikiria kuuuza kwa yule yule aliyeujenga. Ukisema ni udogo wa nchi, basi tazama Afrika Kusini yenyewe, ambako watu wamechoma makaa kwa zaidi ya karne. Ujenzi wa Medupi ulianza 2007, mashine ya mwisho ikakabidhiwa mwishoni mwa Julai 2021, na siku chache baadaye, Agosti, mashine nyingine ya mtambo huo ikalipuka. Mhandisi mzuri ataniambia mifano miwili haithibitishi kitu. Mimi namuuliza: kama waliozoea wameyumba hivyo, sisi ambao mtambo wetu wa makaa ya mawe mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa Kiwira wa megawati 6 tutajifunzia wapi, na kwa gharama ya nani?

Kuna jambo moja kwenye hoja ya Mchuchuma ambalo ni la kweli kabisa: makaa ni yetu. Yanakadiriwa tani milioni 428. Hatutakuwa kama Bangladesh, ambayo Juni 2023 ilizima mtambo wake wa Payra kwa kukosa dola za kulipia makaa kutoka nje. Lakini hata makaa yako yana bei, na bei hiyo haipangwi Ludewa. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha makaa ya mawe hadi zaidi ya dola 400 kwa tani kwenye soko la dunia, barabara ya kwenda Mtwara ilijaa malori kutoka mgodi wa makaa wa Ngaka, Ruvuma, na meli zikapakia kwenda hadi Ulaya. Jiulize mwenye mgodi angefanya nini wakati ule kama angekuwa na mkataba wa kuuzia mtambo wa umeme kwa bei ya chini. Mtambo wa megawati 600 unakula kati ya tani milioni 1.5 na milioni 2 kwa mwaka. Ama unamfunga mchimbaji kwa bei ya kudumu, naye anadai afidiwe kwingine, ama unamruhusu apandishe, na ule umeme wa bei nafuu unabaki kwenye hotuba.

Na ndiyo, niliona nani walikuwa wanunuzi. Serikali zilizokuwa zikituhubiria tuachane na makaa ya mawe zilirudisha mitambo yao kazini gesi ya Urusi ilipokatika. Sina muda wa mahubiri hayo. Tanzania ingewasha Mchuchuma kesho, bado Mtanzania mmoja angechafua hewa kidogo sana kuliko Mjerumani mmoja. Hata hivyo unafiki wa mkopeshaji haushushi riba. Xi Jinping alitangaza Septemba 2021 kwamba China haitajenga mitambo mipya ya makaa ya mawe nje ya nchi yake, Benki ya Dunia ilianza kujitoa tangu 2013, na nchi tajiri za OECD zilifunga mikopo yao ya mauzo ya nje kwa mitambo ya aina hiyo mwishoni mwa 2021. Fedha zilizobaki ni za wachache, na fedha za wachache ni ghali. Ile asilimia 8 niliyotumia hapo juu huenda ni ukarimu.

Kuhusu majivu, salfa na vifua vya watoto wa karibu na bomba la moshi sitasema mengi, kwa sababu tathmini ya mazingira ikifanywa kwa haki itayasema. Neno "kwa haki" ndilo lenye kazi. Leseni ya mazingira ya mtambo wa Lamu, Kenya, ilifutwa na baraza la rufaa Juni 2019, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ni miaka ya maandalizi iliyopotea kwa jambo ambalo lingewezekana kufanywa mapema, uwanjani, kwa Kiswahili.

Nimewahi kusikia pia wazo la kusomba makaa hadi huku katikati ya nchi, mtambo ukae karibu na makao makuu na kituo cha kupoza umeme cha Zuzu. Mtambo wa ukubwa huo unaopozwa kwa maji hutumia kama mita za ujazo milioni 8 kwa mwaka. Dodoma inayokunywa visima vya Mzakwe, na ambayo mitaa yake mingi ina ratiba ya maji, haina mita hizo za kugawa. Medupi inapozwa kwa hewa, inawezekana, kwa gharama zaidi na umeme pungufu. Tupite.

Ambacho Kanda ya Kati inacho ni kitu kingine, na hakijaingizwa kwa uzito wake kwenye mjadala wa ukame. Anayeishi Dodoma au Singida anaujua upepo wa Julai hadi Septemba. Vumbi lake tunalila. Jua la miezi hiyo halina haja ya maelezo. Sasa ulinganishe na kalenda ya Mtera: mvua za masika zinakwisha, mito inapungua, na kuanzia katikati ya mwaka bwawa linashuka hadi Novemba au Desemba. Upepo wetu uko juu wakati maji yako njiani kushuka. Kila uniti itakayotoka kwenye upepo wa Singida mwezi Agosti ni maji ambayo hayajapita kwenye turbine, yamebaki bwawani yakisubiri Novemba. Na bwawa tunalo tayari: la Nyerere linachukua zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Hilo ndilo akiba ya ukame, limeshajengwa kwa zaidi ya shilingi trilioni 6. Linalokosekana ni cha kulipumzisha.

Upepo una lawama zake: unakatika bila taarifa, na usiku wa shwari hauna cha kukupa. Ndiyo maana mwenza wake anapaswa kuwa maji, yanayofunguliwa na kufungwa kwa dakika, na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inayochomwa Kinyerezi na Ubungo. Boila la makaa lisilojua kupunguza mwendo ni mwenza mbaya kwa upepo na mwenza mbaya zaidi kwa maji. Tulicho nacho ni gesi chini ya ardhi yetu, bomba la kutoka Mtwara lililokamilika 2015, na mitambo iliyosimama. Kwa mwaka wa kiangazi kikali, kuongeza visima na kuhakikisha mitambo ya gesi imefanyiwa matengenezo kabla ya Agosti ni bima ya bei nafuu kuliko deni la dola bilioni moja na nusu.

Tatizo la pili ni nyaya, na hili linanikera kwa sababu halina mvuto wa kukata utepe. Mapema 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Watu walishangaa: si tumejaza megawati? Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kihandisi kabisa, kwamba umeme unapotea njiani ukisafirishwa kutoka mitambo ya kusini na pwani hadi Kilimanjaro na Arusha. Laini ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, yapata kilomita 670, imetusaidia sana huku, na treni ya SGR ya umeme inayofika Dodoma tangu Julai 2024 ni mmoja wa wateja wasiotaka mchezo na umeme unaoyumba. Lakini ukitoka kwenye laini hiyo ukaingia Chemba au Mpwapwa, umeme ukikatika hakuna anayeulizia kina cha maji. Wanauliza ni nguzo gani imeanguka au transfoma ipi imeungua. Kuongeza megawati 600 Ludewa hakusimamishi nguzo hiyo.

Je, Mchuchuma ifungwe? Hapana, na hapa naachana na wanaharakati wa mazingira. Chuma cha Liganga kinahitaji makaa, viwanda vya saruji vinayahitaji, na STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, inatengeneza mkaa mbadala kwa makaa ya Kiwira ambao jikoni za shule na magereza zinaweza kuutumia badala ya kumaliza miti. Mgodi unaweza kuwa na maisha marefu bila kubebeshwa megawati 600. Kosa la mpango wa 2011, kwa maoni yangu, lilikuwa kufunga vitu vinne kwenye fundo moja, hata kimoja kikikwama kwenye bei ya umeme, vyote vikwame. Chuma kitangulie, na umeme uwe wa ukubwa wa kuendesha hicho kiwanda.

Serikali ikirudi Bungeni na mtambo mkubwa, kuna karatasi ninazotaka ziwe mezani kabla ya mkono wowote kuinuliwa: bei ya uniti mtambo ukifanya kazi kwa asilimia 80 na kwa asilimia 30, kiasi tutakacholipa mwaka ambao hatutachukua umeme wowote, bei ya makaa na nani anaipandisha, nani anabeba hasara boila likigoma, na makadirio ya gharama ya kupata umeme ule ule wa Oktoba na Novemba kwa upepo wa Singida, gesi na maji yaliyotunzwa. Ziwe wazi kwa kila mtu, si kwa kamati peke yake. Kama baada ya kulinganisha bado litaonekana pengo la miezi mikavu ambalo hakuna kingine kinachoweza kuliziba, nitaandika hapa hapa kutetea mtambo wa megawati 150 au 200 mdomoni mwa mgodi.